Reli Ikiamka, Nani Afunge Geti?



Asubuhi ya leo, kabla ya kufika hapa Bungoma, nilisimama kwenye kivuko kimoja cha reli nikimtazama kijana akichokoa udongo kwa mtaimbo. Mahali reli inapokatiza barabara, huachwa mfereji mwembamba upande wa ndani wa kila chuma, upana wake kama vidole vitatu au vinne hivi. Gurudumu la behewa lina ukingo unaoning'inia ndani ya mfereji huo, na ndio unaolishika gurudumu lisiteleze nje. Mfereji ukijaa tope likakauka likawa gumu, ukingo hupanda juu, na behewa huacha njia. Kijana alitoa tope, kifuniko cha soda, gunzi la mahindi na kipande cha patipati. Nikamuuliza treni ya mwisho ilipita lini. Akanijibu, "Mzee, mimi nachimba tu."

Jibu lile limenifuata mpaka hapa. Nimeombwa nizungumzie kubadilisha mageti na taa za zamani kwenye vivuko vyetu vya reli, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya nyaya na betri. Nitayasema, maana hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Lakini kwanza tukubaliane kuhusu jambo moja: vivuko vya Kitale na Bungoma vinatatizwa na uzee wa vyombo, ndiyo, na zaidi ya uzee vinatatizwa na mazoea. Tumeishi miaka mingi na reli iliyolala, na macho yetu yamejifunza kutoitazama.

Turudi nyuma kidogo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikatupita sisi wa huku juu. Ilibidi tungoje njia nyingine iliyochepuka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa kwenye baridi ile, ikafika Eldoret mwaka 1924. Kutoka Eldoret ikashuka Turbo na Webuye, ambayo wakati huo iliitwa Broderick Falls, ikapita hapa Bungoma na kuelekea Malaba, na kufikia mwaka 1931 mtu aliweza kupanda garimoshi hadi Kampala. Tawi la Kitale lilichipuka Leseru likafunguliwa mwaka 1926, kilomita 65 hivi, likipitia mahali tunapopaita leo Moi's Bridge. Lililetwa na mahindi ya walowezi, si na hamu ya kutusafirisha sisi.

Sasa mfikirie mhandisi wa mwaka 1926 akichora tawi lile. Mahali njia yake ilipokutana na barabara, nani alikuwa anapita? Mkokoteni wa ng'ombe. Magari yalihesabika. Kwa hiyo hakujenga daraja juu wala chini. Aliipitisha reli sawa na barabara, akasimika alama, na penye shughuli nyingi akaweka geti na mtu wa kulilinda. Kwa wakati wake hakukosea. Sisi ndio tulioleta matatu, malori ya miwa, bodaboda na masoko, tukayaweka kwenye mchoro wake bila kuugusa.

Nilimjua mlinda geti mmoja kwa karibu, kwa sababu alikuwa mjomba wangu. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, na ndani mlikuwa na simu ya kuzungusha kwa mkono, bendera mbili zilizoviringwa, taa ya mafuta yenye kioo chekundu na cha kijani, na kikebe kidogo tulichokatazwa kabisa kukigusa. Ndani ya kikebe mlikuwa na vidonge vya baruti vyenye vikanda vya bati vya kufungia juu ya reli. Lori likikwama katikati ya njia, mlinda geti alipaswa kukimbia kuifuata treni inakotokea na kuvifunga juu ya chuma. Gurudumu la injini likivikanyaga, vingelipuka, na dereva angejua asimame hata kama ukungu umetanda. Alinieleza hayo yote siku moja akimenya muhogo, kwa sauti ile ile ambayo angenieleza jinsi ya kufunga ndama. Simu ikilia, alisikiliza, akarudia maneno aliyoambiwa neno kwa neno, akaangalia saa, akatoka kwenda kufunga geti. Kurudia neno kwa neno ilikuwa sheria. Stesheni masta alitaka kusikia kwamba kilichosikika ndicho alichosema.

Mfumo mzima ulikuwa ule: mtu, simu, saa, bendera. Mimi niliyejifunza umeme niliuona wa kishamba kwa miaka mingi. Leo siuoni hivyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli yake ikagawanywa, na mwaka uliofuata tukawa na Shirika la Reli la Kenya. Malori yakachukua mizigo. Kuanzia 2006 hadi 2017 uendeshaji ukawa mikononi mwa Rift Valley Railways kwa mkataba. Tawi la Kitale lililala usingizi mzito katika miaka hiyo. Vibanda vya biashara vikasogea, kisha vikakaa juu ya mataruma. Halafu ikaja SGR, reli mpya ya geji pana zaidi, iliyofika Nairobi mwaka 2017 na kuishia upande wa Naivasha mwaka 2019. Mzigo wa Uganda ukifika kule lazima uendelee na safari, na chombo pekee cha reli kilichopo ni hii njia yetu ya zamani yenye upana wa mita moja. Ndiyo maana njia ya Longonot hadi Malaba ikakarabatiwa, na ndiyo maana mafundi wakarudi hata kwenye tawi la Leseru na Kitale. Serikali imetangaza nia ya kuifikisha SGR Malaba. Ikifika, itakuwa na madaraja ya juu na ya chini kama ilivyo kati ya Mombasa na Nairobi, na mhadhara huu utakuwa hauna maana tena kwa njia hiyo. Hadi siku hiyo, tuna vivuko.

Nawaomba sasa mnivumilie, niingie kwenye ufundi.

Mwaka 1872 Mmarekani aitwaye William Robinson alipata hati ya ubunifu wa kitu rahisi cha kushangaza. Unapitisha umeme mdogo, wa betri tu, kwenye reli ya kushoto, unarudi kwa reli ya kulia kupitia rilei, yaani swichi inayoshikiliwa na sumaku. Umeme ukipita, rilei hushikilia na njia huhesabiwa kuwa tupu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma huunganisha reli mbili, umeme hupita njia ya mkato, rilei huanguka, taa nyekundu huwaka. Uzuri wake ni huu: betri ikiisha, rilei huanguka. Waya ukikatika, rilei huanguka. Reli ikivunjika, mara nyingi rilei huanguka. Chombo kikiharibika, kinaharibikia upande wa usalama. Dunia nzima ya ishara za reli imejengwa juu ya wazo hilo, na mimi hadi leo nikilieleza nahisi kama ninasimulia hadithi ya mtu mwerevu niliyemjua.

Lakini lilete Kitale. Sehemu kubwa ya reli yetu ya zamani imelazwa juu ya mataruma ya chuma, maana ya mbao yaliliwa na mchwa. Taruma la chuma linaunganisha reli ya kushoto na ya kulia muda wote, treni iwepo isiwepo. Usipokata mguso huo kwa plastiki au mpira, sakiti ya Robinson haifanyi kazi hata kidogo. Na kuna jambo baya zaidi. Reli inayopitwa na treni kila saa hung'aa kama kisu. Reli inayopitwa mara moja kwa wiki huvaa kutu, na kutu haipitishi umeme vizuri. Treni nyepesi ikija juu ya reli yenye kutu, magurudumu yanaweza yasiunganishe sawasawa, rilei ikabaki imeshikilia, na taa isiwake. Kile chombo kinachosifiwa kwa kuharibikia upande wa usalama, hapa kinaharibikia upande wa mauti. Basi mtu yeyote atakayekuja kuwauzia sakiti za reli kwa ajili ya tawi hili, mwulizeni kwanza juu ya kutu. Akibabaika, mpeni chai aende.

Kinachofaa zaidi ni vihesabu ekseli: vifaa vidogo vinavyofungwa kando ya reli na kuhesabu kila gurudumu linaloingia na kila linalotoka. Yakiingia arobaini yakatoka arobaini, njia i tupu. Havijali kutu wala taruma la chuma. Umeme wake unaweza kuwa wa sola na betri. Nitarudi kwenye hiyo betri.

Swali la pili ni muda. Marekani inataka taa zimulike angalau sekunde 20 kabla treni haijafika kivukoni. Treni ya kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 20 ni mita 220 hivi. Inaonekana inatosha. Sasa niambieni, nyinyi wa upande wa Bukembe na kiwanda cha Nzoia: trekta linalovuta matrela mawili ya miwa lina urefu gani? Tuseme mita 20. Eneo la hatari kivukoni ni mita 10. Ili mkia utoke salama, trekta lazima litembee mita 30. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni sekunde 21 au 22, na hapo nimechukulia kwamba tayari lilikuwa linatembea, halikuanza kutoka kwenye kusimama, halikubadilisha gia, na barabara haina mlima. Dereva aliyeingia kihalali taa zikiwa zimezimwa anaweza kuwakiwa na taa nyekundu akiwa katikati, afanye kila kitu sawa, na bado agongwe.

Sibuni. Tarehe 6 Januari 1968, huko Hixon, Uingereza, gari refu mno lilikuwa limebeba transfoma ya tani 120 likivuka reli kwa mwendo wa mtu anayetembea, likisindikizwa na polisi. Kivuko kilikuwa kipya, cha kisasa, chenye mikono ya geti inayoshuka yenyewe. Treni ya haraka ilitokea, kengele ikalia, mikono ikashuka juu ya mzigo, na sekunde 24 baadaye watu 11 walikuwa wamekufa. Kulikuwa na simu kando ya kivuko ambayo dereva wa gari zito alitakiwa kuitumia kuomba ruhusa kabla ya kuvuka. Haikutumika. Geti la zamani lililofungwa na mtu lilikuwa limeondolewa mwaka mmoja hivi kabla, kwa jina la maendeleo. Waingereza hawakuwa wajinga. Walikopa mtambo uliofanya kazi vizuri kwingine, wakasahau kuuliza ni nani anayepita hapa.

Nasi tuna yetu. Tarehe 30 Oktoba 2013 treni iligonga basi Mutindwa, Nairobi, likiwa limejaa watu waendao kazini asubuhi. Waliokufa hawakupungua 11. Tarehe 29 Novemba 2023 watu 13 walikufa kwa jirani zetu Tanzania, Manyoni, mkoa wa Singida, basi lilipokutana na treni. Agosti 2025 likawa basi la wafanyakazi huko Morendat, karibu na Naivasha. Kila mara mjadala ni ule ule kwa siku tatu, wa dereva mzembe. Uzembe upo. Ila dereva aliyevuka mahali pamoja mara elfu bila kuona treni hajihisi mzembe. Anajihisi mwenyeji.

Na wenyeji wa huku tuna hatari ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha kigeni: mahindi. Nendeni kwenye kivuko chochote cha Trans Nzoia mwezi wa Februari. Simameni mita tano kutoka kwenye reli, mtazame kushoto na kulia, mtaona hadi upeo wa macho. Rudini Agosti. Mahindi ya mbegu ya 614 yamempita mtu urefu, yamepandwa hadi ukingoni mwa mataruma, na pale ulipoona nusu kilomita sasa unaona majani. Kivuko ni kile kile, alama ni zile zile, dereva ni yule yule, lakini kivuko cha Februari na kivuko cha Agosti ni vivuko viwili tofauti. Upande wa Bungoma ni miwa, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inakaa zaidi ya mwaka kabla ya kukatwa. Kulima ardhi ya reli kulianza reli ikiwa imelala; hakuna wa kulaumiwa sana. Lakini kabla hatujanunua taa hata moja, kufyeka mita chache kila upande wa njia, mita mia tatu kwenda huku na mia tatu kwenda kule, kutaokoa watu wengi kwa gharama ya panga. Mwenye shamba akiomba fidia ya mistari yake, apewe.

Sasa betri, kama nilivyoahidi. Januari 2022 umeme ulipotea nchi nzima baada ya minara ya umeme kuanguka, wakalaumiwa wezi wa vyuma, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa Mei mwaka ule ule. Mtu anayeweza kufungua nati za mnara wa umeme hatashindwa na sanduku lenye betri, paneli ya sola na waya wa shaba, lililosimama peke yake usiku kati ya Leseru na Kitale. Na betri ikiibwa, nini kitatokea? Kumbukeni Robinson: chombo kitaharibikia upande wa usalama. Mkono wa geti utashuka kwa uzito wake ukae chini. Siku ya kwanza watu watasimama. Siku ya pili mwenye bodaboda atazunguka ncha ya geti. Siku ya nne matatu yatamfuata. Fundi akija baada ya wiki tatu kurekebisha, atakuwa amerekebisha geti, lakini watu wameshafundishwa kwamba geti lililofungwa halina maana. Kwa hiyo mimi huogopa geti linalodanganya kuliko mahali pasipo na geti. Hali ni hiyo hiyo treni ikitembea polepole: kihesabu kilichowekwa mbali kwa ajili ya treni ya kilomita 40 kitafunga geti kwa muda mara mbili ikija treni ya kilomita 20, na vijana mliokaa nyuma pale mnacheka kwa sababu mnajua mngefanya nini.

Mtaniuliza, basi wewe fundi wa taa unataka tununue nini? Kwenye kivuko cha mjini, chenye soko na shule, nataka mtu. Namaanisha mlinda geti mwenye kibanda, choo, simu mbili za mitandao tofauti, bendera, taa, na zamu isiyozidi saa nane, anayepigiwa simu na stesheni kila treni inapoondoka na anayerudia maneno neno kwa neno. Pamoja naye, taa zinazomulika na kengele zinazoendeshwa na vihesabu ekseli, ili zimkumbushe yeye na zimwamshe akisinzia. Mtu huona trekta lililokwama; kihesabu hakioni. Na sanduku la betri lililo chini ya dirisha la kibanda chenye mtu haliibiwi kirahisi. Kwenye vivuko vya mashambani, penye magari kumi kwa siku, sitaki geti kabisa: nataka nyasi zifyekwe, matuta ya kupunguza mwendo, alama mpya, na amri kwa dereva wa treni apige honi mapema na apunguze mwendo. Vingine vifungwe tu. Vijia vitatu ndani ya nusu kilomita vinaweza kuwa kimoja kizuri.

Kuna wenzangu watakaoniona nimezeeka. Watasema mshahara wa walinda geti watatu kwa miaka kumi unanunua mtambo. Unanunua, ndiyo. Haununui wa pili ukiibwa wa kwanza.

Shida niliyoikuta kazini haikuwa pesa peke yake. Kivuko ni mahali wenye mali wawili wanapokutana. Chuma ni cha Shirika la Reli. Lami inaweza kuwa ya mojawapo ya mamlaka za barabara, KeNHA, KURA au KeRRA, au ya kaunti, kutegemea ni barabara gani. Udongo ulioziba ule mfereji wa asubuhi umetoka barabarani, lakini anayeanguka ni treni. Nimewahi kuona mkandarasi wa barabara akimwaga lami safi juu ya reli akaifunika kabisa, barabara ikawa laini kama meza, watu wakashangilia. Hakuvunja agizo lolote. Mkataba wake haukutaja reli. Ningependa kila kivuko kiwe na kibao chenye nambari yake na namba moja ya simu, moja tu, inayopokelewa usiku na mchana, ili dereva wa trekta la miwa aliyekwama saa mbili usiku asianze kutafuta barabara ile ni ya nani.

Na tazameni alama yenyewe tunayowatishia watu nayo. Ile ya pembetatu, ya kivuko kisicho na geti, ina picha ya garimoshi la mvuke, bomba mbele na moshi juu. Mtoto wa darasa la tatu hajawahi kuona kitu kile. Nilimwonyesha mjukuu wangu picha yake, akasema ni jiko.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimekuja na futi ya kamba ya mita 50, iko pale kwenye mkoba. Tukitoka hapa nakwenda kwenye kile kivuko cha asubuhi kupima: mita tano kutoka kwenye reli, kisha niangalie reli inaonekana hadi mita ngapi upande wa Webuye na mita ngapi upande wa Malaba, kabla mahindi ya jirani hayajarefuka. Vipimo nitaviandika kwenye karatasi, nakala moja iende stesheni na nyingine kwa kaunti. Nahitaji watu wawili wa kunishikia mwisho wa kamba, na mmoja mwenye pikipiki wa kusimama barabarani kuwazuia wenzake.